Maksi Zipi Zipelekwe? Maneno kwa Wazazi Ambao Watoto Wao Wanaomba Vyuo vya Marekani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni, na kupigwa chapa kwa ajili ya wale wasioweza kuhudhuria.)



Si nia yetu kuwachosha watu waliotoka kazini kwa maneno marefu, wala hatukuja kujifanya walimu wa walimu. Tumekuja kwa sababu Katibu wetu ametueleza kwamba wazazi kadhaa wamefika kwake, kila mmoja na karatasi mkononi, wakiuliza neno moja: "Mtoto wangu amefanya mtihani wa Wamarekani mara mbili. Maksi zipi tupeleke, na zipi tuache?" Swali hilo ni fupi, lakini jibu lake laweza kumfungulia mtoto mlango au kumfungia, nalo laweza kula fedha za karani asijue zimekwenda wapi.

Sisi tuliozoea mitihani ya nchi zetu twajua kwamba Baraza la Mitihani likisha kutoa matokeo, matokeo hayo humfuata mtoto kama kivuli. Hapana amwulizaye kama apenda kuyaonyesha. Marekani mambo ni mengine. Huko hakuna mtihani mmoja wa serikali wa kumaliza shule kwa nchi nzima. Kila jimbo lina taratibu zake, na kila shule hutoa maksi kwa mkono wake yenyewe. Ni kama soko ambalo kila mwenye duka ana kibaba chake, huyu kikubwa na yule kidogo, hata ikalazimu kuletwa mizani moja ya kupimia wote.

Mizani ya kwanza ni mtihani uitwao SAT, ulio chini ya chama kiitwacho College Board. Ulifanywa mara ya kwanza tarehe 23 Juni 1926, na waliojaribiwa siku hiyo walikuwa elfu nane na zaidi kidogo. Mizani ya pili ni ACT, iliyoanzishwa mwaka 1959 katika jimbo la Iowa. SAT ya leo hufanywa kwa kompyuta, kwa muda wa saa mbili na dakika 14, nayo ina sehemu mbili: kusoma na kuandika, kisha hesabu. Kila sehemu hupewa maksi kuanzia 200 hadi 800, hivyo jumla ni kuanzia 400 hadi 1600. Huku kwetu nje ya Marekani karatasi na kalamu ziliachwa mwaka 2023, na huko kwao mwaka 2024. ACT hutoa maksi kuanzia 1 hadi 36, nayo ni wastani wa sehemu zake. Na tangu mwaka 2025 sehemu ya sayansi imefanywa ya hiari, ikabaki Kiingereza, hesabu na kusoma. Vyuo vinavyotaka maksi hupokea mtihani wowote kati ya hiyo miwili, bila kupendelea mmoja.

Jambo la kushika ni hili: mitihani hii yaweza kurudiwa, na mwenye kuagiza maksi zipelekwe chuoni ni mwanafunzi mwenyewe. Hapo ndipo uchaguzi unapoingia. Karani hatashangaa kwa hili. Tunapoomba kazi mpya hatufungi ndani ya bahasha kila barua ya sifa tuliyopata tangu ujana wetu. Twachagua zile zinazosema vema. Lakini tangazo la kazi likisema, "Mwombaji alete vyeti vyote," hatuna tena la kuchagua. Basi kazi ya kwanza ya mzazi si kutazama maksi za mtoto, bali ni kusoma tangazo.

Tumevigawa vyuo vya Marekani katika mafungu manne, ili iwe rahisi kukumbuka.

Fungu la kwanza ni vyuo vinavyodai maksi zote za kila mara mtoto alipofanya mtihani. Georgetown kwa miaka mingi kimekuwa kikidai hivyo. Kwa chuo cha namna hii swali la maksi zipi zipelekwe halipo. Jibu limekwisha kuandikwa na chuo.

Fungu la pili ni vyuo vinavyodai maksi, lakini humwachia mwombaji achague siku gani ya mtihani apeleke. Ruhusa hii kwa upande wa SAT ililetwa na College Board mwaka 2009. Kabla ya hapo, mtu akiagiza maksi zake, zote zilikwenda pamoja. Chuo cha MIT kimo katika fungu hili. Kiliacha kudai maksi wakati wa maradhi ya Korona, kikarudisha sharti hilo mwaka 2022.

Fungu la tatu ni vyuo vya hiari: mwombaji akipenda hupeleka, asipopenda haulizwi. Bowdoin, katika jimbo la Maine, kilianza desturi hii mwaka 1969, na kwa muda mrefu waliokifuata walikuwa wachache. Mwaka 2020, vyumba vya mitihani vilipofungwa kwa sababu ya Korona, vyuo vingi sana viliingia fungu hili kwa haraka. Baadaye vingine vilitoka. Katika mwaka 2024 peke yake Dartmouth, Yale, Brown na Harvard vilitangaza kuurudisha mtihani. Yale kikasema mwombaji aweza kuleta mitihani mingine inayojulikana badala ya hiyo miwili.

Fungu la nne ni vyuo visivyotazama maksi hizi hata zikiletwa. Kimojawapo ni Chuo Kikuu cha California, chenye matawi tisa yanayopokea wanafunzi wa shahada ya kwanza. Wakuu wake walipiga kura ya kuuacha mtihani mwezi Mei 2020. Kulipia maksi ziende huko kwa ajili ya kuombea nafasi ni kutupa fedha baharini.

Mmeona, ndugu zetu, jinsi vyuo vinavyohama fungu hili kwenda lile. Kwa hiyo mzazi asitegemee habari aliyopewa na jirani ambaye mtoto wake aliomba mwaka juzi. Asome maneno ya chuo chenyewe, ya mwaka ule ule anaoomba, na ayaandike tarehe aliyoyasoma, kama afanyavyo mtunza faili mwangalifu.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuseme msichana amefanya SAT mara mbili. Mara ya kwanza alipata 610 katika kusoma na kuandika, na 720 katika hesabu; jumla 1330. Mara ya pili alipata 680 na 690, jumla 1370. Baba yake, kwa haraka, atasema, "Tupeleke 1370, hiyo ya kwanza tuisahau." Lakini vyuo vingi vina desturi ya kuokota sehemu iliyo bora kutoka kila siku na kuziunga pamoja. Chuo cha namna hiyo kitachukua 680 ya mara ya pili na 720 ya mara ya kwanza, nazo ni 1400. Wala College Board haikati karatasi vipande viwili: siku moja ya mtihani huenda nzima, sehemu zote mbili. Basi kwa chuo kinachounga, msichana huyo apeleke siku zote mbili. Akiificha ile ya kwanza amejinyima maksi 30 kwa mkono wake mwenyewe. Kwa chuo kisichounga, bali hutazama siku moja iliyo bora, apeleke ile ya pili peke yake.

Na kama mtoto amefanya SAT na ACT pia, asilinganishe kwa macho, kwa kuwa hesabu zake hazifanani. Wenye mitihani hiyo miwili walitoa jedwali la kulinganisha mwaka 2018. Kwa jedwali hilo 28 ya ACT ni sawa na 1310 ya SAT, na 31 ni sawa na 1400. Kijana aliyepata 1340 katika SAT na 31 katika ACT yafaa apeleke ACT peke yake, maadamu chuo hakikudai zote.

Mpaka hapa mambo ni mepesi. Ni ya kusoma na kujumlisha. Ugumu wote u katika fungu la tatu, la hiari, na hapo ndipo sisi wenyewe tulipokosea. Twaomba ruhusa kukiri kosa hilo mbele yenu, maana huenda likamfaa mwingine.

Mwaka 2022 mwanachama mwenzetu alitujia na karatasi ya binti yake. Binti alikuwa amepata 1380. Alisoma katika shule ya sekondari ya kutwa, mbali na mji mkubwa, wala hapakuwa na mwalimu wa kumfunza mtihani huo. Alijifunza kwa kuazima kompyuta ya ofisi ya mjomba wake siku za Jumamosi. Chuo alichokitaka kilikuwa cha hiari. Tulitafuta takwimu za chuo hicho, tukaona kwamba nusu ya katikati ya wanafunzi wake walikuwa kati ya 1440 na 1540. Tukatikisa vichwa. Tukamwambia baba yake, "Mzee, namba hii i chini ya robo ya chini. Afadhali isionekane." Maksi zikafichwa. Binti hakupata nafasi.

Hatusemi kwamba angepata kama zingepelekwa. Chuo hakitoi sababu zake, na waombaji ni wengi kuliko viti. Tusemalo ni kwamba shauri letu halikuwa na msingi, kwa sababu mbili tulizozijua baadaye.

Sababu ya kwanza ni ya namba zenyewe. Vyuo vya Marekani aghalabu hutangaza maksi mbili: ile ya robo ya chini na ile ya robo ya juu. Wapangeni wanafunzi mia moja kwa safu, kutoka maksi ndogo hadi kubwa. Yule wa 25 ndiye alama ya robo ya chini, na yule wa 75 alama ya robo ya juu. Lakini katika chuo cha hiari safu hiyo si ya wanafunzi wote. Ni ya wale waliopeleka maksi, na wenye kupeleka ni hasa wale wenye maksi kubwa. Wenye ndogo wamekaa kimya, hawamo katika hesabu. Hivyo alama ya robo ya chini hupanda juu kuliko ilivyo kweli darasani. Mwaka unaofuata waombaji wengine huiona alama hiyo iliyopanda, nao huogopa na kuficha, nayo hupanda tena. Sisi tuliichukua namba hiyo kana kwamba ni kizingiti cha mlango, kumbe ilikuwa kivuli cha kizingiti wakati wa jioni, kirefu kuliko kitu chenyewe.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Chuo cha Dartmouth kiliwaagiza wanazuoni wake kuchungua habari za waombaji wao, na mwezi Februari 2024 kikatangaza yaliyoonekana. Walikuta kwamba wapo waombaji waliotoka katika nyumba na shule zisizo na mali, wenye maksi kama 1400, ambao walizificha wakidhani ni ndogo, na ilhali wangalizipeleka zingaliwasaidia. Maana wapokeaji wa chuo hicho hawasomi namba peke yake. Huisoma pamoja na shule aliyotoka mtoto. Kwa kijana aliyelipiwa mwalimu wa nyumbani miaka miwili, 1400 ni jambo la kawaida. Kwa kijana ambaye shule yake haijapata kutoa namba kama hiyo, 1400 ni mlio wa ngoma usikiwao mbali. Kwa kulinganisha tu, wastani wa wanafunzi wote wa darasa la mwaka 2024 waliofanya SAT ulikuwa 1024. Na ile 1380 ya binti wa mwenzetu sisi tuliifunika kwa kitambaa kama aibu!

Basi kwa chuo cha hiari twashauri mzazi na mtoto waulizane maswali matatu, kwa utaratibu huu.

Kwanza: Maksi hizi zikoje karibu na zile za chuo? Zikiwa katikati au juu ya safu, zipelekwe bila kusita. Zikiwa chini ya robo ya chini, wasikate shauri bado. Waende swali la pili.

Pili: Maksi hizi zikoje karibu na shule ya mtoto na maisha yake? Zikiwa ni za juu sana kwa shule ile, hata kama ni za chini kidogo kwa chuo kile, zina neno la kusema. Mwalimu mkuu anapoandika barua yake ya kumsifu mtoto, aombwe aeleze shule ilivyo: wanafunzi wangapi darasani, masomo gani hayafundishwi, na wangapi kabla yake walipata kufanya mtihani huo. Namba bila maelezo ni kama barua isiyo na anwani.

Tatu: Pasipo maksi hizi, chuo kitabaki na nini mkononi? Mpokeaji wa huko aweza kuwa hajapata kumwona mwanafunzi hata mmoja kutoka shule ya mtoto, wala hajui kama maksi za shule hiyo hutolewa kwa uchungu au kwa ukarimu. Kwa mtoto wa namna hiyo mizani inayojulikana na wote ni shahidi wa thamani. Lakini kama matokeo yake ya mtihani wa taifa ni mazuri sana, na maksi za SAT ni dhaifu hata zinapingana nayo, hapo kunyamaza kwa haki si kosa. Hiari ni hiari, nayo iliwekwa itumiwe.

Sasa neno juu ya fedha. College Board huruhusu mtoto kutaja vyuo vinne vitakavyopelekewa maksi bila malipo, naye aweza kuvitaja mpaka siku ya tisa baada ya mtihani. Wengi hufurahia neno "bila malipo". Lakini siku ya tisa maksi bado hazijatoka. Kwa hiyo mwenye kuitumia nafasi hiyo apeleka bahasha iliyofungwa asiyojua kilichomo, na uchaguzi tuliousema wote umekwisha. Kwa chuo kinachodai maksi zote nafasi hiyo ni nzuri, maana zitakwenda tu. Kwa vyuo vingine yafaa kungoja.

Lakini kungoja si lazima kuwe na gharama kubwa. Siku hizi vyuo vingi humruhusu mwombaji kuandika maksi zake mwenyewe katika fomu ya maombi, na karatasi rasmi yenye kulipiwa hutakiwa baadaye, mtoto akisha kupewa nafasi. Mzazi mwenye mtoto anayeomba vyuo vinane aweza kulipia kimoja tu mwishoni badala ya vinane mwanzoni. Hili nalo lasomwa katika tangazo la chuo, wala halipaswi kukisiwa.

Neno la mwisho ni juu ya uaminifu. Kijana mmoja alituuliza kwa siri: chuo fulani chadai maksi zote, naye amefanya mtihani mara tatu, na mara ya kwanza alianguka vibaya, je, akiandika mara mbili tu, nani atajua? Hatukumjibu habari ya nani atajua. Tulimwuliza baba yake hufanya kazi gani. Alisema, karani wa hazina. Tukamwambia, "Basi nenda kamwulize baba yako mtu akitia sahihi chini ya hesabu aliyoipunguza huitwaje." Mwombaji hutia sahihi kwamba aliyoyaandika ni kweli tupu na kamili. Chuo kikigundua baadaye, chaweza kumnyang'anya nafasi hata akiwa tayari amefungasha sanduku. Kuchagua maksi pale palipo na ruhusa si udanganyifu. Ni haki ya mwombaji. Kuzipunguza pale palipokatazwa ni udanganyifu, wala hakuna umaskini unaouhalalisha. Na tena, kijana aliyeanza chini akapanda mara mbili ana habari njema ya kusimulia. Kwa nini aifiche?

Bwana Mwenyekiti, kabla hatujaketi twaomba kutoa shauri moja kwa Kamati. Chama chetu kifungue faili moja ya vyuo. Kila mzazi ambaye mtoto wake ameomba alete nakala ya maneno ya chuo kuhusu maksi, yenye tarehe, na baadaye aandike mstari mmoja: maksi zipi zilipelekwa, na jibu likawaje. Jina la mtoto lisiwekwe. Twasikia Katibu akisema kabati lina nafasi. Faili hiyo haitatuambia siri za vyuo, lakini itamzuia mtu kama sisi kutikisa kichwa mbele ya namba asiyoielewa, na baba mwingine kurudi nyumbani na shauri baya.

Yule binti, ndugu zetu, hakukaa bure. Mwaka uliofuata aliomba vyuo vingine, na safari hii 1380 yake iliandikwa wazi katika fomu, pamoja na barua ya mwalimu mkuu iliyoeleza shule ilivyo. Alipata nafasi katika chuo kimoja, na msaada wa ada. Baba yake yumo humu ukumbini. Ametupa ruhusa ya kulisimulia jambo hili, nasi twamshukuru kwa kutusamehe.

Wenye maswali, tupo.